Umechanjwa na sasa jicho linasumbua? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Mtu kachomwa chanjo wiki iliyopita, leo kaamka jicho jekundu, linauma, mwanga haliutaki kabisa. Kinachofuata hapo mara nyingi sio hospitali, ni ubishi. Huyu anasema si tulikwambia hizo chanjo, yule anasema acha uzushi chanjo inachomwa begani itafikaje machoni, na mwenye jicho lake yuko katikati anasikiliza tu, siku ya kwanza inaisha, ya pili inaisha. Mi msimamo wangu ni mmoja na utaona unarudi kila mahali hapa chini: jicho kwanza, kutafuta mchawi baadaye. Daktari wa macho hahitaji kujua nani kasababisha ndo aanze kukutibu, na wewe huhitaji kushinda ubishi ndo utoke nyumbani.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu ukubwa wa hili jambo. Matatizo ya macho baada ya chanjo yapo, yameandikwa na madaktari miaka mingi kabla hata korona haijaja, ila ni adimu kweli kweli. Kuna uchambuzi mmoja wa Marekani ulitoka 2016, walikusanya ripoti za uveitisi, yaani uvimbe wa zile tabaka za ndani ya jicho, kutoka kwenye kanzidata tatu zinazopokea taarifa za madhara ya dawa, kuanzia 1984 mpaka 2014. Miaka 30 yote hiyo wakapata ripoti 289. Chanjo iliyoongoza ilikuwa ya homa ya ini B, na ukipanga wote kwa muda, yule wa katikati alianza kuumwa siku ya 16 hivi. Hiyo namba isikupeleke upande wowote kwa pupa. Wapo waliougua na hakuna aliyeripoti, kwa hiyo idadi halisi inaweza kuwa kubwa zaidi, na wapo walioripotiwa ambao wangeugua tu hata wasingechanjwa kwa sababu uveitisi huwa inawapata watu wa kila aina bila chanjo yoyote. Ripoti ni ripoti, sio hukumu.

Haya, twende.

Hatua ya 1: Hesabu muda toka sindano mpaka dalili

Hii ndo hatua rahisi kuliko zote na watu wanaikimbia. Chukua kadi yako ya chanjo, angalia tarehe, halafu jiulize dalili ya kwanza kabisa ilianza lini, sio siku uliyoamua kuijali. Muda peke yake unakwambia mengi.

Kama ni ndani ya dakika chache na macho yaliingia giza, ukatoka jasho, ukataka kuanguka, hiyo mara nyingi ni kuzimia kwa sababu ya woga au maumivu ya sindano, presha imeshuka ghafla, ukilala miguu ikainuliwa kidogo kuona kunarudi. Ila kama ndani ya hizo dakika kope na midomo inavimba, mwili unawasha, kifua kinabana au sauti inakwama, hiyo ni mzio mkali, sio habari ya macho tena, piga kelele wahudumu waje hapo hapo. Ndo maana unaambiwa ukae dakika 15 au 30 kabla ya kuondoka, na wale wanaotoroka wakidhani ni utaratibu wa kupoteza muda wanajinyima kitu muhimu.

Kama ni ndani ya siku moja, macho yote mawili mekundu, labda na kikohozi na uso kuvimba kidogo, hilo nalo linajulikana. Kanada msimu wa chanjo ya mafua wa mwaka 2000 watu wengi walipata hivyo mpaka wakaliita kwa jina lake, dalili zilianza ndani ya saa 24 na kwa wengi zikaisha ndani ya saa 48. Linatisha kwa kuliangalia lakini lilikuwa jepesi.

Kuanzia siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, hapo ndo eneo la vitu vizito: uveitisi, uvimbe wa neva ya jicho (ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo), mwili kukataa konea (kile kioo cha mbele ya jicho) ya kupandikizwa, retina (utando wa nyuma unaopokea picha) kupata mabaka, misuli ya jicho kupooza mtu akawa anaona vitu viwili viwili. Na kuna dirisha moja la kukumbuka sana kwa waliopata zile chanjo za korona za AstraZeneca na Johnson & Johnson: kuanzia siku ya 4 hivi mpaka mwezi na kidogo, wachache sana walipata damu kuganda pamoja na chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha, kushuka, na damu ikiganda kwenye mishipa ya ubongo mtu anaumwa kichwa kisichosikia dawa, anaona ukungu au mbili mbili. Hilo liligundulika Machi 2021 na nchi nyingi zikabadilisha utaratibu wa nani apewe chanjo ipi.

Kama ni miezi mingi imepita, mh. Sisemi haiwezekani, ila uwezekano kwamba ni kitu kingine unakuwa mkubwa sana, na hicho kitu kingine kinaweza kuwa kinahitaji matibabu ya haraka vile vile. Kwa hiyo huendi hospitali kwa sababu ni chanjo, unaenda kwa sababu ni jicho.

Hatua ya 2: Pima jicho moja moja

Hapa nataka utulie maana ndo penye faida kubwa. Macho mawili yanasaidiana, jicho moja likizorota lile lingine linabeba mzigo wote na wewe hujui, mtu anakaa wiki nzima na jicho bovu anagundua siku aliyojikuna lile zima. Kwa hiyo kaa mahali penye mwanga wa kutosha, vaa miwani yako kama unavaa, funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza (ukikandamiza ukiliachia litaona ukungu na utajitisha bure), halafu soma maandishi yoyote yaliyo mbali kidogo. Hamisha kiganja, soma maandishi yale yale kutoka umbali ule ule. Linganisha.

Ukiwa bado umefunika moja, angalia mstari ulionyooka, fremu ya mlango au mpaka wa dirisha. Unanyooka au umepinda katikati? Kuna doa limeziba sehemu? Ukiangalia katikati ya uso wa mtu, pua inapotea? Hiyo ni retina, sehemu ya katikati.

Halafu tafuta kitu chekundu, kizibo cha chupa kinatosha, kiangalie kwa jicho hili kisha kwa lile. Kama kwa jicho moja wekundu ni mkali na kwa lingine umepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, hata kama herufi unasoma vizuri, usiidharau hiyo. Neva ya jicho ikivimba rangi ndo inatangulia kuharibika, hasa nyekundu. Ongeza na hili: zungusha macho juu, chini, kushoto, kulia. Kama kuna maumivu nyuma ya jicho ukilizungusha, hayo mawili pamoja ni sababu tosha ya kuonwa leo.

Kama unaona vitu viwili, funika jicho moja. Ukifunika lolote na ule uwili ukapotea, maana yake macho hayaelekei sehemu moja, ni habari ya misuli au neva zinazoyaendesha na ni jambo la haraka. Ukifunika moja na bado lile lililobaki peke yake linaona viwili, tatizo liko ndani ya jicho lenyewe, mara nyingi halina haraka hiyo.

La mwisho, mwombe mtu akutazame mbele ya mwanga wa dirisha. Mboni zote mbili saizi moja? Ni duara? Kope moja imeshuka? Na ukimulika tochi ya simu kwa upole jicho lile zima, lile bovu linauma? Hiyo ya mwisho watu wengi hawaijui. Mboni hukaza pande zote mbili hata ukimulika upande mmoja, kwa hiyo jicho lenye uvimbe wa ndani linauma hata wakati mwanga hauko kwake, wakati jicho jekundu la kawaida la kuambukizana halina tabia hiyo.

Mtoto mdogo hawezi kukwambia haya. Kwake angalia kama makengeza yameanza ghafla, anainamisha kichwa upande mmoja akiangalia kitu, anafumba mwanga, anakosa vitu akivishika, au ukifunika jicho moja anatulia na ukifunika lingine analia na kukusukuma mkono. Hilo la pili, ambalo hataki ulifunike, ndo jicho analolitegemea.

Hatua ya 3: Amua ni sasa hivi, ni leo, au ni kusubiri

Sasa hivi, yaani hata kama ni usiku wa manane: kuona kumekatika ghafla jicho moja au yote, pazia jeusi linashuka au linapanda upande mmoja, mvua ya vidoti vyeusi na vimwanga vinavyomulika ambavyo jana havikuwepo, kuona viwili kulikoanza ghafla, uso au mkono kulegea, kichwa kikali kisichosikia dawa pamoja na ukungu wa macho. Kwa waliochanjwa zile mbili za AstraZeneca na Johnson & Johnson ongeza vidoti vidogo vyekundu vya damu chini ya ngozi mbali na palipochomwa, mguu kuvimba, tumbo kuuma mfululizo, pumzi kukata. Taja aina ya chanjo mlangoni kabisa ili wapime chembe sahani mapema, maana kuna dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini, inayotumika siku zote ambayo kwa tatizo hili huwa wanaikwepa. Na mtoto ambaye siku au wiki baada ya chanjo, au baada ya homa yoyote, anasinzia kupita kiasi, anayumba akitembea na haoni vizuri, usisubiri asubuhi.

Leo au kesho asubuhi na mapema: jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga, rangi kupauka, maumivu ukizungusha macho, mistari kupinda, mboni isiyo duara. Vipele vya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, na hasa vikifika ncha ya pua, viko humu pia, kwa sababu ncha ya pua na jicho vinatumia neva moja na dawa za virusi zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72. Uso uliopooza upande mmoja, madaktari wakishahakikisha sio kiharusi, nao una habari ya jicho ndani yake: jicho halifungi, linakauka, konea inachubuka. Unahitaji machozi ya dukani mara nyingi mchana, mafuta ya jicho usiku, na kulifunga kwa plasta ya karatasi wakati wa kulala. Kupooza uso kumewahi kuhusishwa na chanjo kwa uhakika mkubwa kabisa kwenye kesi moja, ile ya Uswisi msimu wa 2000 na 2001, chanjo ya mafua ya kupulizia puani, ikaondolewa sokoni. Sio hizi za puani zinazotumika sasa, ile ilitengenezwa tofauti.

Kusubiri siku mbili ukiangalia: macho yote kuwasha kidogo, ukungu unaoisha ukipepesa, macho mazito wakati una homa ya siku ya kwanza, kope inayochezacheza yenyewe. Na lile baka jekundu la damu kwenye weupe wa jicho, lisilouma, lisilogusa kuona. Hilo linasambaa picha zake watu wanaogopeshana sana, ila ni kimshipa kidogo kimepasuka chini ya utando, hata chafya inatosha kulileta, na linafyonzwa lenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili. Yakizidi siku mbili hayo mengine au yakaongezeka, yanapanda daraja, yanakuwa ya leo.

Mwenye konea ya kupandikizwa hana daraja la kusubiri. Kwake wekundu, kuchukia mwanga, kuona kupungua, maumivu, lolote moja kati ya hayo manne, anaenda siku hiyo hiyo. Mwili kukataa konea baada ya chanjo kumeripotiwa kwa chanjo kadhaa, ya mafua na ya korona zikiwemo, na wengi waliowahishwa matone ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, waliokolewa konea zao.

Hatua ya 4: Usitie chochote

Toa lenzi za kubandika, rudi kwenye miwani. Maumivu meza paracetamol. Basi.

Sababu ya ukali huu ni kwamba matone ya steroidi, ambayo ni dawa ya uveitisi ikiandikwa na aliyekupima, ndo hayo hayo yanayoweza kulimaliza jicho lenye virusi vya hepesi kwenye konea. Kwa macho matupu mekundu haya mawili yanafanana. Ukichukua kichupa alichoandikiwa mwenzio mwaka jana unacheza kamari, jicho linapoa siku mbili kwa sababu steroidi inapoza kila kitu, huku kidonda kinachimba chini kwa chini. Ukiyatumia muda mrefu bila kupimwa yanapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Matone ya antibayotiki hayana madhara hayo ila nayo yanapoteza muda, unajaribu siku tano, haliponi, unabadilisha kichupa, siku nyingine tano.

Na muda kwenye uveitisi una bei. Ute unaovuja ndani ya jicho unagundisha ukingo wa mboni kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Mwanzoni sehemu moja, halafu mbili, mboni ikitakiwa kupanuka inapanuka pale tu haijagundika, ndo inapata lile umbo la ua badala ya duara. Ikigundika mzunguko mzima maji ya ndani ya jicho yanakosa njia na presha inapanda. Ndo maana utapewa pia matone ya kupanua mboni, atropini au saiklopentoleti, na watu wengi wanayaacha wakisema yameniharibia kuona zaidi. Hayajaharibu. Mboni ikiwa wazi hivyo vitu vya karibu huvioni vizuri na mwanga unakuchoma, ndo kazi yake, vumilia na uvae miwani ya jua.

Hatua ya 5: Beba ushahidi

Kwenye simu andika jina la chanjo na mtengenezaji, tarehe, dozi ya ngapi, namba ya bechi kama iko kwenye kadi, siku na saa dalili ilipoanza, jicho lipi. Chanjo nyingine ulizopewa siku moja zitaje zote. Dawa unazotumia, hata za kienyeji. Historia: umewahi kuwa na uveitisi, hepesi ya jicho, mkanda wa jeshi, upasuaji wa jicho, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe? Uliumwa mafua au homa karibuni? Hili la mwisho watu hulisahau na lina uzito, maana maambukizi yenyewe yanaamsha magonjwa haya haya, na ya korona ni mojawapo. Piga picha ya jicho kwenye mwanga wa mchana bila flashi, kila siku muda ule ule kama unaweza, kwa sababu jicho lina kawaida ya kuwa jekundu nyumbani na likawa jeupe mbele ya daktari.

Ukifika, anza na jicho. Sema jicho la kulia linaona ukungu na kuchukia mwanga toka Jumanne, halafu ndo useme na nilichanjwa tarehe fulani. Ukianza na chanjo imeniharibu jicho, kuna wahudumu wanaanza kuitetea chanjo badala ya kukupima, na hilo ni kosa lao sio lako, lakini wewe unataka upimwe. Akikwambia haihusiani bila kukupima, muulize kwa adabu tu, sawa, kwa hiyo ni nini?

Hatua ya 6: Pimwa mpaka mwisho

Utasoma herufi ukutani, utaweka kidevu kwenye ile mashine yenye mwali mwembamba wa mwanga na daktari ataangalia kama kuna vumbi vumbi linaelea kwenye maji ya mbele ya jicho, hizo ni chembe nyeupe za damu na ndo alama ya uveitisi. Watapima presha ya jicho. Watakutia matone ya kupanua mboni waone nyuma, hapo usiendeshe gari kurudi. Wakikupima mboni ukapewa dawa bila kuangaliwa nyuma na unalalamika huoni vizuri, uliza kwa nini.

Ukiambiwa upime kaswende, kifua kikuu na VVU usikasirike. Hakuna anayekutuhumu, hayo matatu yanasababisha uvimbe wa jicho kama huu na yakikosewa steroidi zinayachochea. Chanjo inakubaliwa kuwa mshukiwa baada ya hao wengine kuondolewa, sio kabla.

Kwa neva ya jicho kuna jambo moja la kujua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1992 ulionesha steroidi ya mshipani inaharakisha kuona kurudi, ila vidonge vya steroidi peke yake kwa dozi ya kawaida viliongeza ugonjwa kurudia. Kwa hiyo kama umepewa vidonge tu kwa ajili ya neva, ni swali halali kumuuliza daktari wa macho au wa mfumo wa fahamu. Wengi kuona kunarudi hata bila dawa, taratibu, wiki kwa wiki. Watataka pia picha ya MRI ya ubongo, ikubali ukiweza.

Steroidi zozote, matone au vidonge, usiziache siku jicho likipoa. Zinapunguzwa ngazi kwa ngazi. Wanaoziacha ghafla ndo wale wanarudi wiki mbili baadaye jicho likiwa baya kuliko mwanzo wanasema dawa haikufanya kazi.

Hatua ya 7: Ripoti, hata kama huna uhakika

Sasa ndo wakati wa mchawi. Mwombe daktari ajaze fomu ya tukio baada ya chanjo, au jaza mwenyewe kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako, nyingi zinapokea ripoti kutoka kwa mgonjwa moja kwa moja. Uingereza wana mfumo wa Yellow Card toka 1964, Marekani wana VAERS toka 1990, na taarifa za nchi mbalimbali zinakusanyika kwenye kanzidata ya dunia iliyoko Uppsala, Uswidi. Hutakiwi kuthibitisha chochote, kazi yako ni kuandika kilichotokea na lini. Wataalamu wakikaa na ripoti moja, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, wanaiweka kwenye moja ya mafungu manne: inaendana na chanjo kusababisha, haieleweki bado, haiendani, au taarifa hazitoshi kuiweka popote. Zinazoangukia hilo la nne mara nyingi ni kwa uvivu wa kujaza tu, hakuna tarehe, hakuna bechi, hakuna alichoona daktari wa macho. Ndo kisa nikakwambia ubebe ushahidi.

Na mtu asikwambie hazisomwi. Marekani mwaka 1999 chanjo ya rotavairasi iliyoitwa RotaShield ilisimamishwa baada ya VAERS kupokea ripoti 15 za utumbo wa watoto kujikunja. Kumi na tano tu, zilizoandikwa vizuri.

Hatua ya 8: Kabla ya dozi inayofuata

Usiamue peke yako, si kwa kukataa wala kwa ujeuri wa kwenda kimya kimya. Aliyepata mzio mkali kwa dozi ya kwanza hiyo chanjo imeishia hapo mpaka mtaalamu wa mzio aseme. Aliyepata uveitisi au neva kuvimba, inategemea ilikuwa kali kiasi gani, ushahidi dhidi ya chanjo una nguvu gani, na ugonjwa unaokingwa una hatari gani kwake, mara nyingine inawezekana kubadilisha aina ya chanjo. Mwenye uveitisi ya kujirudia achanjwe wakati jicho limetulia, na kama anatumia dawa za kushusha kinga, chanjo zenye virusi hai kwa kawaida hapewi. Mwenye konea ya kupandikizwa amwambie daktari wake kabla, wapo madaktari wanaoongeza matone ya steroidi siku chache kabla na wiki kadhaa baada ya sindano.

Kwenye mizani hiyo weka na upande wa pili. Surua inapofusha watoto mpaka leo, hasa wenye upungufu wa vitamini A. Rubela ndo kabisa, mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alianza kuona watoto wachanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, akawafuatilia mama zao akakuta walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito. Yaani huo uhusiano ulionwa kwanza kwenye macho.

Chanjo moja ina sheria zake peke yake, ile ya ndui ya aina ya zamani, ACAM2000, yenye virusi hai vinavyozaliana kwenye kidonda cha begani. Hapo jicho haliharibiki kwa kinga kuchanganyikiwa, linaharibika kwa mkono: umegusa kidonda, umefikicha jicho, virusi vimehamia. Mpaka gamba lianguke lenyewe na ngozi mpya ionekane, kidonda kinafunikwa, bandeji inatupwa kwenye mfuko uliofungwa, mikono inanawa kila ukigusa, lenzi za kubandika ni bora ziwekwe pembeni, taulo halichangiwi, na mtoto mdogo halali upande wa bega hilo. Anayetumia matone ya steroidi machoni kwa kawaida hapewi hii. Chanjo ya MVA-BN ambayo ndo inatumika zaidi kwa mpox (homa ya nyani) haina shida hiyo, virusi vyake havizaliani kwa binadamu na hakuna kidonda cha kuhamisha, kwa hiyo kabla ya kuchomwa uliza ni ipi kati ya hizo mbili.